Kiwanda cha nguzo kimefungwa, dawa imebaki ardhini. Kabla hamjachimba, someni yaliyowakuta watu wa Pensacola

#1 FundiSilinda (mwanzisha uzi)

Wakuu, shikamooni kwa wakubwa, na wengine habari za leo.

Nimefanya kazi miaka tisa kwenye kiwanda cha kutia dawa nguzo za umeme huko Mufindi. Silinda nimeiendesha kwa mikono yangu. Kiwanda sitakitaja. Kilishafungwa, wenyewe wameondoka, na sikuja humu kumshtaki mtu. Kilichonifanya nifungue uzi ni simu ya dada yangu Jumapili iliyopita. Ananiambia eneo limeanza kukatwa viwanja, na aliyenunua kipande cha mbele amekodi kijiko, ile mashine ya kuchimbia, aje akwangue "ule udongo mbaya" autupe korongoni ili aanze msingi. Korongo hilo linashuka mpaka kwenye kijito, na kijito hicho ndicho watu wa bondeni wanachomwagilia vinyungu vyao.

Usiku ule sikulala.

Niwaeleze kwanza kazi yenyewe, kwa sababu wengi wanaiona nguzo ikiwa imeshasimama barabarani. Milingoti iliyokauka inapangwa juu ya toroli, toroli zinasukumwa kwenye reli mpaka ndani ya silinda, mlango unakazwa. Unavuta hewa kwanza ili mti ufunguke. Unaingiza dawa, unapandisha presha mpaka kama bar 14, unauacha mti unywe. Dawa inayobaki unairudisha tangini, kisha unavuta hewa tena ili nguzo isitoke ikichuruzika. Sisi tulitumia CCA, yaani shaba, kromiamu na aseniki kwa pamoja. Shaba inazuia kuvu, aseniki inamzuia mchwa, kromiamu inazishikiza zote mbili kwenye mti. Mita moja ya ujazo ya nguzo inakunywa zaidi ya kilo kumi za dawa hiyo.

Ikishashika, mti hauiachii kirahisi. Shida ni kabla haijashika. Nguzo ikitoka silinda ikiwa mbichi inatakiwa ilale siku kadhaa juu ya sakafu ya zege yenye mfereji unaorudisha matone tangini. Sakafu yetu ilikuwa na nyufa ambazo kidole changu kilipita. Oda ikiwa kubwa tulizitoa nguzo mbichi tukazipanga juu ya udongo mtupu, na mvua ikinyesha, maji yaliyotoka chini ya rundo yalikuwa na rangi ya kijani. Mbele ya mlango wa silinda kulikuwa na shimo la kukusanyia matope. Matope yale yalikuwa mazito kama uji wa ulezi, kijani iliyochanganyika na kahawia, na kila mwezi tuliyachota kwa sepetu tukayamwaga nyuma ya uzio. Mimi ni mmoja wa waliochota. Nawaambia mahali yalipo kwa sababu nilikuwepo.

Sasa Pensacola. Ni mji wa pwani huko Florida, Marekani. Kampuni ya Escambia Wood Treating ilianza kutibu nguzo pale mwaka 1942 ikafunga 1982. Wao walitumia kreosoti, yale mafuta meusi yanayotokana na lami ya makaa ya mawe, na pentaklorofenoli iliyoyeyushwa kwenye dizeli. Pentaklorofenoli ya viwandani inatoka kiwandani ikiwa tayari na dioksini, sumu kali sana, ndani yake. Miaka 40 ya matone na mashimo ya majitaka ikaingia kwenye ardhi ya ekari 26, na pembeni kabisa palikuwa na mitaa ya watu, wengi wao Wamarekani weusi: Rosewood Terrace, Oak Park, Goulding, Clarinda Triangle. Mwaka 1991 wenye mali wakaliacha eneo. EPA, shirika la serikali kuu la kulinda mazingira, likaingia kwa dharura mwaka huohuo na kuanza kuchimba, ili sumu isiendelee kushuka kwenye maji ya ardhini.

Nia ilikuwa njema, lakini walichimba kabla hawajaamua udongo utakwenda wapi. Mpaka wanasimama mwaka 1993 walikuwa wamerundika yadi za ujazo 225,000, karibu mita za ujazo 172,000. Tipa la mita kumi lingehitaji safari zaidi ya 17,000. Rundo likafika futi 60 kwenda juu, likavikwa plastiki, na majirani wakalipa jina: Mount Dioxin, Mlima wa Dioksini. Siku za kuchimba, watu walilalamika macho kuwasha, vifua kubana, ngozi kutoka vipele. Margaret Williams, mwalimu mstaafu, akawakusanya majirani mwaka 1992 wakaunda Citizens Against Toxic Exposure. Mwishoni mwa 1994 eneo likaingizwa kwenye orodha ya Superfund, yaani maeneo mabaya kuliko yote nchini mwao. Serikali ilipokubali kuhamisha watu ilitaka kwanza kaya 66 tu. Wakakataa kugawanywa. Oktoba 1996 ikatangazwa kwamba kaya zote 358 zitahamishwa.

Na mlima? Ulibaki palepale chini ya plastiki kwa zaidi ya miaka kumi. Uamuzi wa mwaka 2006 ulikuwa kuuzika udongo huo kwenye eneo lilelile, ndani ya shimo lililotandikwa matabaka ya kuzuia maji na kufunikwa juu. Yaani walichimba, watu wakavuta vumbi, na mwisho wake udongo ukalala pale ulipotoka, safari hii ukiwa umefungwa vizuri.

Ndiyo maana nawasihi wa nyumbani: kijiko kisiingie kabla mtu hajasema udongo unakwenda wapi na nani ataulinda. Mwenye ujuzi wa vipimo, sheria au maji, naomba achangie.

#2 Mwanakinyanambo

Mkuu pole kwa mawazo. Ila mimi sijakuelewa kidogo. Huyo mnunuzi akiukwangua na kuutupa mbali, si ndiyo kusafisha kwenyewe? Au unataka uendelee kukaa hapo mlangoni pa watu?

#3 FundiSilinda

Mkuu, ungekuwa mzoga ningekubaliana na wewe, maana mzoga unaoza ukaisha. Aseniki haiozi. Haiungui, haichachi, hakuna mdudu wa kuila akaimaliza. Jua la miaka mia haliipunguzii hata chembe. Ukiihamisha kutoka uani ukaitia korongoni umebadilisha anayeipata tu: badala ya mwenye kiwanja, sasa ni mama anayepanda mboga kwenye kinyungu.

Na pale ilipo sasa kuna kitu kinatusaidia. Udongo wetu mwekundu una chuma nyingi, na chuma inaishika aseniki. Sehemu kubwa itakuwa imekaa juujuu, karibu na silinda, kwenye sakafu ya kuchuruzishia na pale tulipomwaga matope. Kijiko kikiuvuruga na kuutandaza kwenye mteremko, mvua za kwanza zinaubeba wote. Kikiwa kiangazi, upepo unaubeba kama vumbi mpaka sebuleni.

#4 Mama Tumu

Wanangu, mimi si msomi wa hayo mambo ila naishi huko huko. Naomba niulize bila kuzunguka. Vile vipande vya nguzo vilivyokatwa vichwa, watoto wanaviokota tunapikia. Vinawaka vizuri sana kuliko msindano. Majivu yake natia kwenye mahindi na kwenye choo. Kuna ubaya?

#5 FundiSilinda

Shikamoo mama. Ubaya upo, na mkubwa. Naomba leo hii usipikie tena.

Kipande cha nguzo kikiungua, mti unaondoka lakini dawa inabaki. Sehemu ya aseniki inapanda na moshi unaouvuta jikoni, na inayobaki inajikusanya kwenye majivu pamoja na shaba na kromiamu. Kilichokuwa kimetawanyika kwenye gogo zima sasa kiko kwenye kiganja kimoja cha majivu. Nchi nyingine ng'ombe wameshakufa kwa kulamba majivu ya mbao za CCA, kwa sababu yana ladha ya chumvi na mifugo inayapenda.

Majivu uliyo nayo usiyaguse kwa mikono mitupu. Yaloweshe kidogo yasipeperuke, yachote kwa koleo, yatie kwenye ndoo yenye mfuniko, uweke mbali na watoto na kuku mpaka apatikane wa kuyapokea. Mahindi yaliyopo shambani nitakuombea jibu kwa wanaojua vipimo. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, hilo peke yake linapunguza sana, maana mtoto anaila aseniki kwa vidole zaidi kuliko kwa njia nyingine.

Utavitambua vipande hivyo kwa ukijani kwenye ngozi ya nje, hasa ukikata msalaba: nje kuna pete ya kijani, katikati mti mweupe au wa hudhurungi. Vikikaa juani sana rangi inafifia kuwa kijivu, hapo ndipo vinapodanganya watu.

#6 mchimba_visima

Nachangia upande wa maji, ndiyo kazi yangu.

Kwanza mjue aseniki kwenye maji haina rangi, haina harufu, haina ladha. Kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha kwa sababu maji yanapungua yenyewe inabaki. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita. Kromiamu ni mikrogramu 50. Kwa jicho huwezi kuona lolote kati ya hayo mawili, lazima maabara.

Pili, sio kila sumu inatembea sawa. Kromiamu ikiwa katika hali yake ya sita ni nyepesi sana kwenye maji, inakimbia na mkondo, na ndiyo inayotoboa ngozi ya wafanyakazi vidonda. Ikishabadilika kuwa hali ya tatu inatulia. Aseniki inashikwa na chuma kama alivyosema FundiSilinda, lakini ardhi ikituamisha maji muda mrefu hewa inakwisha, chuma inayeyuka, na aseniki inaachiliwa. Kwa hiyo asitokee mtu akageuza lile shimo la matope kuwa bwawa la samaki. Nimeshaona watu wakifanya hivyo kwenye mashimo ya machimbo.

Na jambo ambalo wengi hawalijui: mbolea ya fosfeti. DAP mnayopandia mahindi inafanana na aseniki kwa umbo lake la kikemia, inaingia na kuisukuma aseniki itoke kwenye udongo. Mtu akilima pale na kutia DAP anaifungulia mlango.

Mkuu, visima vilivyo karibu viko umbali gani na vina kina gani?

#7 FundiSilinda

Kipo kimoja cha pampu ya mkono, kama mita 200 chini ya mteremko. Kina sikijui. Kingine cha kuchimba kwa mkono kipo kwa jirani upande wa juu.

#8 mchimba_visima

Basi vyote viwili vipimwe. Cha juu kitawaambia maji ya asili ya pale yakoje, cha chini kitawaambia kama kuna kilichoongezeka. Bila cha juu mtu atasema "hii aseniki ni ya mlima tu" na hamtakuwa na la kumjibu. Chukueni maji baada ya kupampu dakika kadhaa, si yale yaliyolala kwenye bomba. Chupa mpewe na maabara yenyewe. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda Mbeya, si lazima mpande mpaka Dar.

#9 JiraniWaChangamwe

Salamu kutoka Mombasa ndugu zangu. Yetu haikuwa miti, ilikuwa betri, lakini nikisoma uzi huu naona ni kidonda kilekile.

Owino Uhuru, mtaa wa mabanda hapa Mikindani, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kutoa madini ya risasi, kikafanya kazi kuanzia 2007 mpaka 2014. Kikafungwa, sumu ikabaki kwenye udongo, kwenye paa za mabati, kwenye damu za watoto. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, mwanawe akaugua kwa risasi iliyopita kwenye maziwa yake, na ndiye aliyebeba vita hivyo, akapata tuzo ya Goldman mwaka 2015. Julai 2020 Mahakama ya Ardhi na Mazingira hapa Mombasa iliamua wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na udongo usafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zitolewe milioni 700 za kusafisha. Rufaa ikaupindua uamuzi huo 2023. Mwishoni mwa 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha ule wa fidia.

Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi tangu moshi ulipozimika. Mtoto aliyezaliwa siku kiwanda kinafungwa alikuwa na miaka kumi Mahakama ya Juu ilipotoa neno lake.

Ninachowaambia ni hiki: andikeni sasa. Kila mnachokijua, mahali matope yalipomwagwa, mwaka gani, nani aliagiza, picha, majina ya waliofanya kazi. Kule kwetu kesi ilisimama kwa sababu ya watu waliokuwa na karatasi za hospitali na barua walizoandika mapema.

#10 Mwanakinyanambo

Asanteni. Nimeanza kuelewa. Ila nina swali la kweli kabisa, sio ubishi. Nguzo hizi ziko kila kijiji, watoto wanaziegemea, mbuzi wanafungwa hapo. Mbona hatufi? Tusije tukatisha watu wakaanza kung'oa nguzo za umeme.

#11 FundiSilinda

Swali zuri mkuu, na nashukuru umeliuliza. Nguzo iliyoshika dawa vizuri na ikasimama peke yake haina sababu ya kumtisha mtu. Kinachotoka pale ni kidogo na kinabaki karibu na shina. Wala asije mtu akang'oa nguzo kwa sababu ya uzi huu.

Ninachozungumzia ni mahali ambapo dawa ya nguzo elfu na elfu ilidondoka sehemu moja miaka mfululizo, na mahali ambapo huenda dawa yenyewe bado ipo kwenye matangi haijawahi kuingia mtini. Dawa ni ileile, kiasi ndicho kinachotofautiana.

#12 MchukuaSampuli

Nimekuwa nikisoma kimya tangu jana. Mimi ni mtoto wa Njombe, nipo Marekani, na kazi yangu ni kuchukua sampuli za udongo na maji kwenye maeneo ya namna hii. Niongeze kidogo kwenye aliyosema kaka FundiSilinda.

Pensacola ilinifundisha na mimi, lakini msidhani kila pahali mambo yalikwenda vile. Kuna Visalia, California, yadi ya kampuni ya umeme ya Southern California Edison iliyokuwa ikitibu nguzo za mierezi tangu miaka ya 1920 hadi 1980. Kreosoti ilikuwa imezama chini kabisa. Kreosoti ni nzito kuliko maji, inapenya chini ya maji ya kisima na kutulia huko. Tangu miaka ya 1970 walikuwa wakivuta maji na kuyasafisha, na kilichotoka kilikuwa kidogo mno. Mwaka 1997 wakaanza kupuliza mvuke wa moto ardhini kwa visima vilivyozunguka eneo, wakavuta kwa kisima cha katikati. Joto linailainisha kreosoti ikatembea, na nyingine inavunjika hukohuko chini. Mpaka mwaka 2000 walikuwa wametoa karibu tani 600. Mwaka 2009 eneo likafutwa kwenye orodha ya Superfund.

Nasema haya kwa furaha, kwa sababu inawezekana. Lakini wa nyumbani wasije wakauziwa mvuke na mtu wa kuvaa suti. Mvuke, joto, bakteria, vyote hivyo ni dawa ya kreosoti na pentaklorofenoli kwa sababu zile zinavunjika. Aseniki ni elementi, haivunjiki. Kwa CCA kazi ni moja kati ya mbili: kuitoa na kuifungia mahali, au kuishikiza ilipo isitembee. Mara nyingi ni vyote viwili. Udongo ulio mbaya zaidi unachanganywa na saruji ukagandishwa, na mahali penye kromiamu ya hali ya sita unatiwa feri salfeti, ambayo inaigeuza kuwa ya hali ya tatu, na ile chuma yake inasaidia kuikamata aseniki. Kisha unazikwa kwenye shimo lililotandikwa, juu kifuniko, pembeni visima vya kuchungulia maji kila mwaka.

Kuna jambo jingine ambalo nalipenda sana. Mwaka 2001 Lena Ma na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida walitangaza kwamba kwenye kiwanda cha mbao za CCA kilichoachwa huko Florida walikuta mmea wa jamii ya kangaga, Pteris vittata, umestawi juu ya udongo uleule wenye sumu na kuivuta aseniki mpaka kwenye majani yake kwa wingi wa ajabu. Wanasayansi walikuwa hawajawahi kujua mmea wa namna hiyo kwa aseniki. Kangaga huyo yupo hata Afrika Mashariki, mnamwona kwenye kuta za zamani na kingo zenye chokaa. Lakini ni kazi ya miaka mingi, inafaa pale penye sumu ya wastani, na majani yakivunwa yenyewe ni sumu, hayachomwi wala hayalishwi mifugo.

Mama Tumu, kuhusu mahindi yako: punje ya mahindi haibebi aseniki nyingi kama majani na mizizi. Hofu yangu iko zaidi kwenye mboga za majani na mihogo au viazi vinavyoliwa na udongo kwenye ganda. Usitie majivu hayo tena, osha mboga kwa maji mengi, menya viazi kwa unene. Na shamba lipimwe.

#13 Mama Tumu

Asante mwanangu. Nimeshawazuia watoto. Ndoo ya majivu nimeifunika nimeiweka juu ya kichanja.

#14 FundiSilinda

Dada MchukuaSampuli, Mungu akubariki. Nisaidie na hili: sisi hatuna fedha za Superfund. Tukiomba kitu cha kwanza kabisa, tuombe nini?

#15 MchukuaSampuli

Kaka, vitu vya kwanza ni vya bei ndogo, na ndivyo vinavyookoa watu wengi zaidi.

Uzio, hata wa miti na waya, na kibao kinachosomeka. Mtaro upande wa juu wa eneo, ili maji ya mvua ya mlimani yapite pembeni yasipitie kwenye yadi. Hilo mnaweza kulimaliza kwa majembe kwa siku mbili tatu, mkichimba kwenye udongo msafi juu ya uzio, msiingie ndani. Pale penye matope pafunikwe turubai zito lililokandamizwa kwa mawe, kabla ya masika. Hakuna kufagia, hakuna kuchoma, hakuna kuchunga.

Kisha ramani. Hapa ndipo wewe una thamani kuliko mashine yangu yoyote. Mimi nikifika kwenye eneo nisilolijua nagawa viboksi kama daftari la hesabu na kuchukua udongo kila boksi, sentimita tano za juu kwanza kwa sababu ndizo mtoto anazozichezea, halafu kila nusu mita kwenda chini mpaka ifike pasafi. Sampuli mia zinaisha hivihivi. Mtu aliyefanya kazi pale akinichorea silinda ilikuwa wapi, mlango ulifungukia upande gani, matope yalimwagwa wapi, naanza na sampuli kumi na tano na najua kila moja inauliza nini. Chora, kaka. Chora usiku huu, kwenye karatasi, kwa kalamu ya wino.

Kuna kifaa cha XRF, kinafanana na bunduki, unakigusisha kwenye udongo na baada ya dakika moja hivi kinasoma aseniki, shaba na kromiamu. Kampuni za madini hapo Tanzania wanavyo. Mkipata cha kuazima siku moja mtakuwa mmepiga hatua kubwa, maabara itathibitisha baadaye.

Na swali moja linaloniumiza tangu nianze kusoma. Matangi. Wakati mnafunga, dawa iliyobaki ilitolewa?

#16 FundiSilinda

Sijui. Siku niliyoondoka tangi la pili lilikuwa na dawa.

#17 AfisaMstaafu

Wakuu, kwa upande wa sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema mchafuzi ndiye alipe, na inatoa nafasi ya amri ya kurejesha mazingira katika hali yake. NEMC, baraza la taifa la mazingira, wana ofisi ya kanda Mbeya. Msiende kwa simu. Andikeni barua, mpitishe kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wa kata ili iwe na muhuri, ambatanisheni ramani aliyosema huyo binti, nakala kwa afisa mazingira wa halmashauri na afisa afya. Ombeni mambo mawili yaliyo wazi: kazi ya kijiko isimamishwe mpaka vipimo vipatikane, na matangi yakaguliwe haraka. Barua yenye maombi kumi inakaa mezani.

Na yule mnunuzi msimfanye adui. Ametoa fedha zake kwa kitu ambacho hakuambiwa. Mwambieni ukweli, atakuwa wa kwanza kutaka vipimo.

#18 FundiSilinda

Wakuu, mrejesho.

Ramani nimechora, nimeipiga picha nikamtumia dada akaipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji. Barua imetoka leo saa nne ikiwa na muhuri. Mnunuzi wa kiwanja tumezungumza naye kwa simu karibu saa nzima. Mzee AfisaMstaafu umesema kweli, yule bwana alinyamaza muda mrefu halafu akauliza kama mkewe, aliyefyeka pale wiki mbili zilizopita, anapaswa kwenda hospitali. Nimemwambia aende, na aeleze neno aseniki kwa daktari, maana kipimo cha mkojo kinaonyesha iliyoingia siku za karibuni tu, na asile samaki wa baharini siku chache kabla ili kipimo kisidanganye. Kijiko amekirudisha.

Ila jioni hii dada amekwenda na mwenyekiti kuangalia kwa nje ya uzio. Wanasema tangi la pili, chini kwenye bomba la kutolea, pamelowa na zege limekuwa kijani kibichi, na hakujanyesha siku kumi. Maana yake lina dawa na linavuja.

Vijana walitaka kuingia kukaza valvu. Nimewakataza. Valvu ile naijua, inafanya kazi kinyume tangu mwanzo: ukiizungusha kulia kama unavyofunga bomba lolote, inafunguka. Inakazwa kwa kushoto, polepole, na mtu aliyevaa glovu za mpira na buti. Nimemwambia mwenyekiti aweke mtu getini usiku huu na asiruhusu mkono wa yeyote kuigusa. Afisa mazingira wa halmashauri amesema atafika kesho saa tano. Mimi napanda basi la saa kumi na mbili alfajiri kutoka Dar, glovu nimeshanunua.